Waya wa spika na amplifaya: wapi fedha huleta sauti, wapi hupotea

Anayetaka muziki wa nyumbani usikike vizuri zaidi hukutana dukani na ahadi nyingi: wati elfu moja hapa, waya wa kifahari pale. Baadhi ya ahadi hizo zinapimika na nyingine hazipimiki. Asiyejua kuzitofautisha anaweza kupoteza akiba ya miezi kadhaa.

Mandhari ni yale yale, iwe Buyenzi mjini Bujumbura au Nyamirambo mjini Kigali: seti ya muziki iliyorithiwa au kununuliwa mtumba, spika mbili sebuleni, na mwenye nyumba anayehisi kwamba rumba au taarabu haitoki inavyopaswa. Besi inavuma bila umbo, maneno ya mwimbaji hayasikiki sawasawa, na sauti ikiongezwa kidogo inaanza kukwaruza. Ushauri wa dukani huwa wa haraka: badilisha waya, au nunua amplifaya yenye nguvu zaidi. Huenda ushauri huo ni sahihi. Huenda pia tatizo halimo katika chochote kinachouzwa dukani humo.

Ili kujua, msikilizaji anahitaji kuelewa vipimo vitatu: wati, desibeli na omu.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi

Kazi ya amplifaya ni kupokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwenye redio, simu au kicheza diski, na kuyapa nguvu ya kusukuma koni ya spika. Nguvu hiyo hupimwa kwa wati, lakini wati hutangazwa kwa namna mbili. Namba inayofuatwa na herufi RMS hueleza nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Namba inayofuatwa na herufi PMPO hudai kueleza kilele kinachofikiwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuikokotoa, hivyo kila mtengenezaji hujiandikia namba impendezayo.

Nchini Marekani, madai ya aina hiyo yalikithiri kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliweka kanuni iliyowalazimisha watengenezaji kutaja nguvu ya mfululizo wanapotangaza amplifaya za nyumbani. Kanuni hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2024.

Mnunuzi wa kwetu ana kipimo chake rahisi. Ageuze kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma, mahali panapoandikwa kiasi cha umeme kinachotumiwa. Kifaa kinachotumia wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 za muziki mfululizo, kwa sababu hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopokea. Tena sehemu ya umeme huo hupotea kama joto. Ndiyo maana amplifaya hupata moto.

Wati mara mbili si sauti mara mbili

Sikio la binadamu halihesabu wati. Nguvu ya amplifaya ikiongezwa mara mbili, kwa mfano kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu: tofauti inasikika, lakini ni ndogo. Ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu inapaswa kuongezeka takriban mara kumi.

Kipimo kinachosahaulika ni wepesi wa spika yenyewe, yaani kiasi cha sauti inachotoa ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Spika yenye desibeli 91 ikipewa wati 25 hutoa sauti sawa na spika yenye desibeli 85 iliyopewa wati 100. Kwa hiyo mtu aweza kupata kwa kuchagua spika kile ambacho mwenzake anakilipia kwa amplifaya yenye nguvu mara nne.

Katika sebule ya kawaida, usikilizaji wa kiasi hutumia wastani wa wati chache tu. Zinazobaki ni akiba kwa ajili ya mapigo ya ngoma na sauti zinazopanda ghafla. Akiba hiyo ikikosekana, amplifaya hushindwa kulifikisha wimbi kileleni na hulikata ncha. Hapo ndipo mkwaruzo husikika, na hapo ndipo hatari ilipo: mawimbi yaliyokatwa yanaweza kuunguza spika ndogo ya sauti nyembamba hata kama amplifaya ni dhaifu. Mkwaruzo ukianza, dawa ya kwanza ni kupunguza sauti. Ikiwa unajitokeza hata katika sauti ya wastani, na spika ni nzima, basi iko sababu ya kweli ya kutafuta amplifaya nyingine.

Omu: namba inayookoa kifaa

Nyuma ya spika nyingi pameandikwa omu 8, 6 au 4. Huo ni ukinzani wake, yaani kiasi inachozuia mkondo wa umeme. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo spika inavyodai mkondo mkubwa zaidi kutoka kwenye amplifaya. Amplifaya nayo huandikwa kiwango cha chini inachokivumilia.

Makosa hutokea pale spika zinapoongezwa kwa ajili ya sherehe. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja, ukinzani wao kwa pamoja huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa omu 4 hadi 8 ikibebeshwa omu 2 hupata moto kupita kiasi, hujizima, au huungua. Kabla ya kuongeza spika, soma namba hizo mbili na uzilinganishe.

Waya: unene, urefu na shaba

Waya nao una ukinzani, na kila kinachozuiwa na waya hakiifikii spika. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika.

Tuchukue spika iliyo umbali wa mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Waya mwembamba wa shaba wenye milimita za mraba 0.5 utakuwa na ukinzani wa takriban omu 0.7. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni karibu asilimia 9. Kwa spika ya omu 4 ni zaidi ya asilimia 17. Waya wa milimita za mraba 1.5 hushusha ukinzani hadi omu 0.23, na wa 2.5 hadi omu 0.14 hivi. Hivyo kwa umbali huo, waya wa 1.5 unaitosha spika ya omu 8, na wa 2.5 unaifaa ya omu 4. Spika zikiwa umbali wa mita tatu, waya wa 1.5 unazitosha zote mbili.

Zaidi ya hapo, jambo la kuangalia ni madini. Nyaya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa unene ule ule, ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi, nazo hukatika upesi zikikunjwa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba. Si lazima kuutupa, ila chagua ulio mnene zaidi.

Waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya umeme, unafanya kazi hii kikamilifu.

Dola milioni moja zisizochukuliwa

Wapo wauzaji wanaodai kwamba waya wa bei ya juu una sauti pana na tamu zaidi. Mwaka 2007, James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kufichua madai yasiyo na ushahidi, alilitia dai hilo katika changamoto yake ya dola milioni moja. Aliyetaka fedha hizo alipaswa kutofautisha, kwa masikio peke yake na bila kujua upi unatumika, kati ya waya wa spika uliouzwa zaidi ya dola 7,000 na waya mwingine mzuri wa bei ya chini sana. Changamoto ilifungwa mwaka 2015 bila mtu yeyote kutunukiwa zawadi hiyo.

Haimaanishi kwamba wanaosifu nyaya hizo ni waongo. Mtu akijua alicholipia, masikio yake husikia kwa msaada wa matumaini yake. Ndiyo sababu jaribio la haki hufanywa msikilizaji akiwa hajui, na sauti za pande zote mbili zikiwa zimesawazishwa, kwani kinachopiga juu kidogo huonekana kizuri zaidi.

Marekebisho yasiyo na gharama

Kabla ya kufungua pochi, zima amplifaya na ukague maungio. Waya wa chanya uende kwenye tundu jekundu na wa hasi kwenye jeusi, pande zote mbili, kwa spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, koni yake huvuta wakati ya mwenzake inasukuma: besi hupungua sana na mwimbaji haonekani tena kusimama katikati. Hakikisha pia hakuna uzi uliochomoza na kugusa tundu la jirani, kwa maana hiyo ni shoti.

Kisha angalia chumba. Spika iliyosukumwa kwenye kona huongeza besi hadi ikavuma. Isogeze mbele na usikilize tena. Elekeza spika zote mbili kwa msikilizaji, zile ndogo za sauti nyembamba zikiwa karibu na usawa wa masikio. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi unaomeza maneno. Zulia, pazia zito na makochi huupunguza.

Mabadiliko ya sentimita 50 sakafuni mara nyingi husikika kuliko kubadilisha amplifaya moja nzuri kwa nyingine nzuri. Baada ya hapo, kama bado ipo fedha ya kutumia, mpangilio unaofaa ni huu: waya wa shaba wenye unene wa kutosha, kisha spika bora, na amplifaya mwishoni, isipokuwa kama iliyopo inakwaruza, inavuma au haivumilii omu za spika ulizonazo. Nenda dukani na namba zako zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, na umwombe muuzaji apige wimbo unaoujua vizuri kabla hujalipa.