Jiko Jema Halipimwi kwa Mng'aro

Mwanamume akioa, Waswahili husema kwamba amepata jiko. Katika msemo huo jiko ni nguzo ya nyumba, na kulipata ni jambo la kushauriana na wazee. Ajabu ni kwamba jiko lenyewe, lile la chuma na makaa, aghalabu hununuliwa kwa pupa, hasa jiko la kuchomea nyama. Mnunuzi hutazama mng'aro wa rangi, huuliza bei, hulipa na kwenda zake. Rai yangu ni kwamba bei ya jiko si zile fedha anazopewa fundi siku ya kwanza. Bei yake halisi hulipwa kila linapowashwa: kwa makaa, kwa miti, na wakati mwingine kwa roho za watu. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: watakula wangapi? Wachomaji wa kando ya barabara hutumia pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu na kutiwa miguu. Pipa hilo linawafaa, kwa kuwa wao huchoma nyama nyingi na moto wao hauzimwi mchana kutwa. Lakini mwalimu anayechoma kilo mbili za mbavu za mbuzi siku ya Jumapili analitakia nini pipa? Atatandaza makaa mengi, na sehemu kubwa ya joto itapotea pasi na kipande cha nyama juu yake.

Swali la pili: jiko litakula makaa kiasi gani? Hapa wanafunzi wa fizikia watanielewa upesi. Chuma hupitisha joto kwa urahisi, na kwa hiyo jiko la bati tupu huvujisha joto ubavuni. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa haupitishi joto kwa wepesi huo. Hiyo ndiyo siri ya jiko la udongo lililobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga mfano wa Thailand, kisha likaenezwa na mafundi wa jua kali. Likitumiwa ipasavyo, huweza kupunguza makaa kwa thuluthi moja hadi nusu. Ni kweli kwamba liliundwa kwa ajili ya sufuria, lakini likiwekewa wavu juu, huchoma nyama ya watu watatu au wanne bila taabu. Anayetaka kubwa zaidi na amwombe fundi atie udongo kama huo ndani, pamoja na mlango wa hewa unaofungika, maana mlango huo ndio usukani wa moto. Wavu nao usiwe wa waya uliopakwa zinki, kwani zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye madhara.

Akiba hii si ya mfuko pekee. Katika tanuri la kienyeji la kufukiwa kwa udongo, kilo 100 za kuni kavu aghalabu hutoa makaa yasiyozidi kilo 20. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka huko. Kila gunia linalochomwa ovyo mjini lina visiki vyake mashambani.

Swali la tatu ndilo zito kupita yote: jiko litawekwa wapi? Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni, gesi hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni, na aliyelala huweza asiamke tena. Wengi hudhani kwamba moshi ukiisha, hatari imekwisha. La, hasha! Kaa jekundu lisilo na moshi bado hutoa sumu hiyo. Kwa hiyo, mkazi wa chumba kimoja asiye na uwanja wazi asinunue jiko la makaa la kuchomea nyama, hata likiwa rahisi namna gani. Ni heri anunue nyama iliyokwisha kuchomwa, ale na aamke salama.

Walimu wanaweza kulifanya suala hili kuwa somo. Wapime makaa ya uzito sawa, wayawashe uwanjani katika jiko la bati na jiko la udongo, wachemshe lita mbili za maji kwa kila moja, kisha wapime makaa yaliyosalia. Mwanafunzi aliyejionea tofauti hiyo kwa mizani atakuwa mshauri mwema nyumbani kwao.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza. Jiko, hata hivyo, huuzwa likiwa baridi, na uzuri wake hauonekani mpaka litiwe moto. Mnunuzi na ayajibu kwanza maswali hayo matatu, ndipo aulize bei.