Nilituma picha 63, nikakosa oda: jinsi ya kupanga kazi zako kabla mteja hajaziona

Wengi humu mnauza nguo, keki, mkaa, kava za simu. Mimi nauza michoro. Niko mwaka wa tatu, nasomea uchoraji hapa Dar es Salaam, na mwezi wa saba namaliza. Bumu la mwisho likishaliwa hakuna lingine. Kinachofuata ni deni la Bodi ya Mikopo, na hilo halina habari kama nimepata kazi au sijapata.

Naandika jambo nililojifunza kwa hasara. Nadhani linamhusu pia fundi cherehani, msusi, mpambaji, fundi aluminiamu, na yeyote ambaye mteja humwambia, "Hebu nitumie kazi zako nione."

Mwaka jana mwezi wa tisa nilipewa namba ya dada mmoja anayesimamia nyumba ya wageni kule Kigamboni, upande wa baharini. Alitaka michoro ya kutundika kwenye vyumba 8, pamoja na mchoro mkubwa kwenye ukuta wa mapokezi. Nilipopiga hesabu ilipita milioni moja. Sijawahi kushika hela hiyo kwa kazi ya mkono wangu. Akaniandikia WhatsApp: "Nitumie kazi zako." Basi nikaingia kwenye simu, nikabonyeza kila kitu nilichowahi kuchora tangu mwaka wa kwanza, nikamtumia picha 63 kwa mpigo. Humo kulikuwa na mikono ya penseli ya mazoezi ya darasani, chupa na vyungu, sura za washkaji wa hosteli, simba wawili, Bob Marley mmoja, na bibi mmoja ambaye hadi leo hana macho kwa sababu sikummaliza.

Tiki zikawa bluu. Kimya. Siku ya nne nikauliza kwa adabu kama aliziona. Akanijibu, "Niliziona mdogo wangu, asante. Ila sikujua nichague nini."

Nilienda nyumbani Mbagala nikiwa nimenuna. Mama ana genge pale, ndilo lililonisomesha. Nikamsimulia huku namsaidia kupanga nyanya. Akaniuliza, "Wewe umeniona lini mimi namwaga tenga zima mezani?" Kweli, hajawahi. Anachagua nzuri, anapanga mafungu ya mia tano na ya elfu moja, mbele kabisa, mtu anayepita aone fungu na ajue bei bila kuuliza. Zilizoanza kulegea anaziweka kwenye beseni chini, anamsubiri mama ntilie anayezitaka kwa mchuzi, kwa bei yake. Tenga ni lile lile moja, ila wateja ni wawili tofauti na kila mmoja anaonyeshwa kinachomhusu.

Chuoni mkusanyiko wa kazi zako bora tunauita potifolio, na walimu wetu wanataka iwe pana: waone ulianzaje, umejaribu nini, mkono wako umekua vipi. Hiyo ni sawa kwa maksi, na ni sawa pia ukiomba ufadhili wa masomo. Sina ugomvi nayo. Lakini mteja hakupi maksi. Mteja ana ukuta mtupu nyumbani kwake na anataka kujua kama wewe unaweza kuujaza ule ukuta. Sasa hivi nina mafaili mawili, la chuo na la wateja, na sichanganyi.

Kupunguza ndiyo kazi ngumu kuliko kuchora. Kila picha niliiuliza swali moja: mtu akiniagiza nyingine kama hii kesho asubuhi, nitafurahi, na naweza kuimaliza kwa siku nitakazomwambia? Kama jibu ni hapana, ilitoka. Bob Marley alitoka wa kwanza. Kwanza nilimwiga kwenye picha ya mpiga picha mwingine, kwa hiyo si wa kwangu. Halafu kila anayemwona anataka achorwe sura yake kwa elfu kumi, na mimi sura zinanichosha. Hapa pashike vizuri, maana ndipo pana hela: unachoonyesha ndicho utakachoagizwa. Msusi anayejaza status yake na rasta ataletewa vichwa vya rasta, hata kama yeye roho yake iko kwenye kubana nywele za maharusi. Katika 63 nilibaki na 12. Siku ile nilihuzunika kweli kweli. Miaka mitatu, picha 12.

Na katika hizo 12 hapakuwa na ukuta hata mmoja! Yaani nilikuwa naomba kazi ya ukuta kwa mtu ambaye hana namna ya kujua kama nimewahi kupanda ngazi.

Nikaenda kwenye shule moja ya chekechea karibu na nyumbani, nikaomba ukuta wa nje. Tukakubaliana 80,000. Nilifurahi mno, hadi nilipokaa kupiga hesabu baada ya kazi. Ukuta ulikuwa mita 3 kwa 2. Rangi, brashi na msasa vilikula 46,000. Nauli 9,000. Chakula 15,000. Jumla 70,000, ikabaki 10,000 kwa siku 5 za kusimama juani, yaani 2,000 kwa siku. Kijana anayembebea mama matenga sokoni anapata zaidi ya hapo kabla ya saa nne.

Kosa langu lilikuwa kutaja bei kabla ya kujua gharama. Siku hizi naanza na vifaa, naongeza nauli na chakula, halafu naweka siku zangu kwa 20,000 kila siku. Ukuta ule ule leo ni 170,000. Na kabla sijataja chochote naugusa ukuta kwa mkono. Ukikuta unatoa unga mweupe wa chumvi, kama kuta nyingi za huku kwetu Pwani, rangi itabanduka kabla ya mwaka kwisha na jina lako litabanduka nayo. Lazima ukwanguliwe, ukaushwe, upakwe praima kwanza, na hizo ni siku na hela za ziada. Mteja ajue mapema.

Kuhusu kazi za bure. Kuna watu watakuambia "tufanyie tu, utajulikana." Mimi nimefanya moja tu, ukuta wa saluni ya jirani, na niliifanya kwa masharti yangu: rangi alinunua yeye, mchoro nilichagua mimi (bahari na majahazi, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa naitafuta), na ruhusa ya kupiga picha niliiomba kabla ya kuanza. Kama kazi ya bure haikupi picha unayoihitaji kwenye faili lako, hiyo unafanyishwa kazi tu.

Sasa picha zenyewe. Hapa wengi tunajiangusha. Nilikuwa napiga usiku hosteli chini ya taa, flashi inawaka, nusu ya mchoro inang'aa kama sufuria jipya. Piga mchana, kivulini, nje. Saa mbili asubuhi au saa kumi jioni mwanga unakuwa umetulia. Futa lenzi ya simu na kitambaa safi, maana tunaishika na mikono ya chipsi. Simama katikati ya kazi, simu iwe sambamba nayo, pembe zote nne zionekane. Kazi moja inataka picha tatu: nzima, moja ya karibu kuonyesha mkono ulivyopita, na moja ikiwa mahali pake ukutani, pakiwepo kiti au mtu, ili ukubwa ueleweke. Ukuta upige kabla hujagusa chochote, kisha upige tena pale pale ukimaliza. Zile mbili zikikaa pamoja zinauza kuliko maneno yote haya ninayoandika.

Chini ya kila picha andika: ukubwa, rangi uliyotumia, siku ulizochukua, na ilikuwa ni kwa ajili ya nani (saluni, shule, nyumbani). Bei sikuiweka kwenye kazi kubwa, kwa sababu kila ukuta una mambo yake, lakini za kutundika nimeweka. Mtu akiona bei anajiamulia mwenyewe.

Usitume picha moja moja. WhatsApp inazikamua, zinafika zina ukungu. Zipange kwenye faili moja la PDF, ulitume kama dokumenti, na lisiwe zito. Mwenye bando la kuhesabu hafungui faili la MB 40. La kwangu lina MB 4. Pia kuna WhatsApp ya biashara, ile yenye sehemu ya kupanga bidhaa. Ni bure, na mteja anazipitia mwenyewe bila kukuuliza.

Mtu atasema, je, Edward Saidi Tingatinga alikuwa na PDF? Hakuwa nayo, na chuo cha sanaa hakusoma. Alianza kuchora mwaka 1968 hapa hapa Dar, kwenye vibao vya dari, kwa rangi za mafuta za dukani, akawa anauzia Oyster Bay, pale Morogoro Stores. Tazama alichofanya kibiashara: vifaa vya bei anayoiweza, na meza yake mahali ambapo wageni wenye hela wanakuja kununua mahitaji. Alifariki mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mimi namheshimu sana, ila sichori kwa mtindo ule. Ukiwa mtu wa mia moja kuchora tembo yule yule, kinachobaki kushindania ni bei tu, na kwenye bei daima yupo anayeweza kushuka kuliko wewe.

Baada ya chuo itakuwaje? Mama angependa niajiriwe, hata ualimu. Simlaumu, na nafasi ikitokea nitaomba. Ila sitaki kukaa nikisubiri. Kupanga chumba nimekuacha kwa sasa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3, mwingine 6, na hiyo ndiyo mtaji wangu wote. Narudi Mbagala kwa mwaka mmoja. Nimeandika ninachohitaji kwa mwezi: 80,000 ya chakula nyumbani, 60,000 nauli, 30,000 bando, 50,000 vifaa, 30,000 akiba. Jumla 250,000. Jumamosi nina watoto 6 nawafundisha kuchora, kila mmoja 5,000 kwa siku, hiyo ni 120,000 kwa mwezi. Ukuta mmoja unaniachia 100,000 ya siku zangu. Inabaki 30,000, na hiyo naitafuta kwenye mabango ya maduka, kazi ambayo wenzangu darasani wanaidharau sana. Mimi nayapenda mabango. Mwenye duka analipa siku hiyo hiyo.

Makaratasi nayo nimeanza kuyashughulikia kabla sijamaliza. TIN ya TRA inatolewa bure, na shule au hoteli nyingi hazikulipi bila hiyo. Msanii anajisajili BASATA. Hakimiliki ya mchoro wako unaipata pale unapouchora, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini ukiusajili COSOTA unakuwa na ushahidi siku mtu akiuchapa kwenye fulana. Halafu ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanakopeshwa kwa vikundi, haina riba. Nina wenzangu wanne tunaongea. Tunachobishania ni nani ashike hela.

Mwezi uliopita nilijipa moyo nikamwandikia tena yule dada wa Kigamboni. Safari hii nilimtumia faili la kazi 8 tu: bahari, majahazi, mikoko, na ule ukuta wa saluni kabla na baada. Alijibu jioni ile ile. Vyumba vilishapata michoro, alimpa mtu mwingine mwezi wa kumi. Hiyo imeniuma, sitawadanganya. Lakini ukuta wa mapokezi bado mtupu, akasema niende kuupima.

Alhamisi nikapanda pantoni na futi yangu kamba. Mita 4 kwa 2 na nusu, na upande wa chini una chumvi. Nikampa bei kwa maandishi: vifaa pamoja na praima 110,000, nauli na chakula 40,000, siku 8 za kazi 160,000, jumla 310,000, nusu yake kabla sijaanza. Hakushtuka. Amesema anampelekea bosi wake, bado nasubiri.

Mama naye anataka bango la genge. Nimempa bei 25,000. Ameniambia, "Mwanangu, shusha kidogo, mimi mteja wako wa siku zote," akaweka 20,000 mezani.