Alama Katika Ngozi

Mazungumzo yetu ya leo yatokana na swali ambalo wazee wa makanisa yetu hupenda kuuliza: "Wazungu walipokuja walituambia kwamba kuchanja chale ni ushenzi. Mbona leo watoto wao wanajichora mwili mzima?"

Swali hili ni la haki, na mara nyingi huulizwa kwa kicheko. Leo tuliulize bila kucheka, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi pia.

Kwanza tuujue ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2023 shirika la utafiti la Pew Research Center liliwauliza watu wazima wa Marekani habari za tatuu. Katika kila watu 100, watu 32 walikuwa nayo moja au zaidi. Wanawake waliwapita wanaume: wanawake walikuwa 38 katika 100, na wanaume 27. Basi si mambo ya mabaharia na wafungwa tena. Muuguzi anayo, mwalimu anayo, na bibi mwenye wajukuu anayo.

Neno hili lilitoka mbali. Mwaka 1769 nahodha Mwingereza James Cook alifika kisiwa cha Tahiti, katika Bahari ya Pasifiki, na watu wake wakaona jinsi wenyeji walivyochorwa miili. Wenyeji waliiita kazi hiyo tatau. Mabaharia wakarudi kwao na neno hilo, na baadhi yao wakarudi na alama zenyewe. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kuchora kwa umeme, iliyofuata mfano wa kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Hata hivyo kazi hiyo haikuheshimiwa kwa muda mrefu. Jiji la New York liliipiga marufuku mwaka 1961 kwa kuhofia ugonjwa wa ini, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1997. Kwa hiyo badiliko hili tunaloliona ni la juzi tu.

Yafaa pia tujue kwa nini alama hii haitoki. Ngozi yetu ya juu hujibambua na kuota upya kila baada ya majuma machache. Wino ukiwekwa hapo utapotea. Kwa hiyo sindano hupenya mpaka ngozi ya ndani, ambayo haijibambui. Huko chembe hai zinazoulinda mwili huja na kuumeza wino kana kwamba ni adui, lakini haziwezi kuuyeyusha. Chembe hizo zikifa, nyingine huumeza wino uleule. Hivyo mwili wenyewe huitunza alama mpaka kaburini.

Sasa tutazame tofauti kati ya alama za kale na hizi za leo. Wazee wa Kimakonde, watu ambao Serikali yetu iliwakubali kuwa raia wa Kenya mwaka 2016, walichanjwa nembo usoni. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini. Wakikuyu walitoga masikio. Huko Samoa, kijana aliyechorwa kutoka kiunoni hadi magotini alichorwa na fundi wa ukoo maalum, na jamaa zake wakikaa karibu naye kumtia moyo. Katika mambo haya yote mtoto hakuchagua mchoro wake. Alama ilitolewa na watu wake, na maana yake ilijulikana na wote. Ilisema, "Huyu ni wetu." Hakuna aliyehitaji kueleza alama yake, kwa kuwa kijiji kizima kiliweza kuisoma.

Katika nchi za Magharibi siku hizi mambo ni kinyume. Mtu huingia dukani peke yake, huchagua mchoro, hulipa na kwenda zake. Alama yake haifanani na ya jirani, na ni lazima aieleze ndipo ieleweke. Hapa twaona jambo moja kubwa juu ya maisha ya huko. Mtu ameachiwa kazi ya kujitambulisha mwenyewe. Hakuna rika lililompokea, pengine hajui ukoo wake zaidi ya babu yake, na kanisa la wazazi wake limefungwa au hana habari nalo. Ameambiwa tangu utoto, "Uwe vile utakavyo." Huo ni uhuru, lakini pia ni mzigo mzito. Kwa hiyo ajiandika mwenyewe.

Lakini tusiseme upesi kwamba ni kiburi au urembo tu. Katika utafiti uleule wa mwaka 2023, wenye tatuu waliulizwa sababu zao. Watu 69 katika 100 walisema kwamba sababu mojawapo ilikuwa kumkumbuka au kumheshimu mtu au jambo fulani. Waliotaja kuonyesha jambo wanaloliamini walikuwa 47. Waliotaja kupendeza zaidi walikuwa 32 tu. Basi alama nyingi tunazozicheka ni kumbukumbu. Ni jina la mama, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto aliyekufa, mwandiko wa baba uliotolewa katika barua yake ya mwisho.

Kwa nini huzuni iandikwe ngozini? Zamani Waingereza walikuwa na mavazi ya matanga. Malkia Victoria alivaa nguo nyeusi tangu mumewe alipofariki mwaka 1861 mpaka alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1901. Kila aliyemwona alijua kwamba huyu ni mjane. Desturi hiyo imekwisha. Leo mfiwa wa huko huzika, kisha baada ya siku chache hurudi kazini kwa nguo za kila siku, na wenzake huona haya kumtajia marehemu. Huzuni haina vazi wala kikao. Hivyo yeye huiweka mkononi, akitumaini kwamba siku moja mtu atauliza.

Chukueni mfano wa mji wa Manchester, Uingereza. Tarehe 22 Mei 2017 mtu alilipua bomu watu walipokuwa wakitoka kwenye tamasha la muziki, na watu 22 wakauawa, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Katika siku zilizofuata wachoraji wa tatuu walianza kuchora nyuki kwa fedha za kuwasaidia waliofikwa na msiba. Nyuki mfanyakazi ni nembo ya mji huo tangu siku za viwanda vyake vya kale. Watu wakapanga foleni ndefu, hata wengine ambao hawakuwahi kufikiria kuchorwa. Wote wakataka mchoro uleule. Hapo alama ilifanya tena kazi yake ya kale, yaani kusema, "Sisi ni wamoja." Watu waliofundishwa kujitegemea walionyesha kwamba bado wana njaa ya kuwa pamoja.

Tena hutafuta kitu kisichoondoka. Huko watu huhama nyumba, hubadili kazi, na ndoa nyingi huvunjika. Mwili ndio mali pekee ambayo mtu huhama nayo kila mahali. Lakini hata hapo hapana mwamba. Katika kila wenye tatuu 100 waliohojiwa, 24 walijutia angalau moja. Alama imebaki vilevile, bali mtu amebadilika. Kuifuta ni kuipiga kwa miali ya leza mara nyingi, kwa gharama na maumivu.

Wengine watatuuliza Biblia yasemaje. Walawi 19:28 yawakataza Waisraeli kujichanja kwa ajili ya wafu na kuandika alama miilini. Wakristo wengi hulishika neno hilo kama lilivyo. Wengine hukumbusha kwamba mstari wa kabla yake unakataza kunyoa pembe za ndevu, na kwamba Wakristo wa Kikopti huko Misri tangu zamani huchora msalaba mdogo mkononi, ijapokuwa umewaletea mateso. Kijana anayetaka kuchorwa tutamweleza ukweli wote: kwamba alama haitoki, kwamba sindano chafu huleta homa ya ini na Ukimwi, na kwamba mwili wake, kama 1 Wakorintho 6 isemavyo, ni hekalu. Lakini neno la Walawi latuonyesha jambo jingine ambalo hatulioni upesi. Mungu alijua kwamba aliyefiwa hutaka kujitia alama. Alilijua jeraha lililo chini ya ngozi.

Basi, ndugu, siku moja mtoto wenu atarudi kutoka ng'ambo, au atatoka Nairobi tu, maana maduka ya tatuu yako hata huko. Ataingia kanisani na mkono ulioandikwa. Macho yote yatamgeukia. Kabla hamjasema neno lo lote, mkumbuke alivyoambiwa Samweli nyumbani kwa Yese, kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje. Kisha mmoja wenu amkaribie na kumwuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni ya nani?" Huenda akawatajia mtu mliyemzika yeye akiwa mbali, naye hakupata kulia pamoja na mtu ye yote.

Tena tujiulize sisi wenyewe. Tunachanga kwa ajili ya mazishi, twajaza uwanja siku ya kuzika, lakini mwezi wa tatu nani hubisha hodi kwa mjane? Katika majumba ya ghorofa ya miji yetu, jirani hamjui jirani. Yaliyowapata watu wa Magharibi hayako mbali nasi. Mtu asipoandikwa katika mioyo ya wenzake, atatafuta mahali pengine pa kuandikwa.

Katika Isaya 49 watu wa Mungu walilalamika kwamba wamesahauliwa. Bwana akawajibu kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, lakini yeye hatawasahau, kwa kuwa amewachora katika viganja vyake. Na Tomaso alipokuwa na shaka, Bwana alimwonyesha mikono yenye alama. Alama hizo hazikuchaguliwa dukani. Zilimpata kwa ajili yetu. Mwenye kulijua hilo, awe ana tatuu au hana, amekwisha kuandikwa.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuwasoma wenzetu kwa rehema kama unavyotusoma sisi. Uwakumbuke wote wanaobeba huzuni peke yao, hapa kwetu na ng'ambo, nasi utufanye kuwa jamaa yao. Amina.