Kuchua, Kukanda na Kubandika: Msamiati wa Tiba ya Majeraha

Kitenzi *ganga* kina maana mbili katika Kiswahili: kumtibu mgonjwa, na kuunga kwa kufunga kitu kilichovunjika. Si ajabu, basi, kwamba msamiati wa kutibu majeraha kwa miti shamba umejengwa juu ya vitenzi vya kazi ya mikono.

Vitenzi vitatu vyahitaji kupambanuliwa. *Kuchua* ni kuusugua mwili kwa dawa, aghalabu mafuta. *Kukanda* ni kugandamiza mahali panapouma kwa kitambaa au majani yaliyopashwa moto. *Kubandika* ni kuweka juu ya kidonda au jipu dawa iliyotwangwa ikalainika, kuifunika na kuiacha ishike. Kinyume chake ni *kubandua*, na hapo umbo la kitenzi lenyewe ladokeza utaratibu: kilichobandikwa hakina budi kubanduliwa, kidonda kikatazamwa na kuoshwa, ndipo dawa mpya iwekwe.

Nomino nazo zina mipaka yake. Jeraha hutokana na kuumizwa. Jipu huiva na kutumbuka. Donda ndugu ni lile lisilopona upesi. Mipaka hiyo huamua matumizi ya mmea. Jani la mnyonyo, uitwao pia mbarika, hupashwa moto likawekwa juu ya uvimbe ambao ngozi yake haijapasuka. Mbegu za mmea huohuo zina sumu iwezayo kuua. Ute wa ndani ya jani la mshubiri hupakwa penye mchubuko, ilhali utomvu wake wa manjano, ambao ndio mchungu hasa, huharisha ukinywewa.

Kwa hiyo, fasili ya kamusi isemayo tu kwamba mmea fulani ni dawa ya vidonda ina upungufu mkubwa. Haisemi ni sehemu gani ya mmea, hutayarishwaje, wala huwekwa wapi. Upungufu huo waweza kugharimu uhai. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na dawa iliyotwangwa juu ya jiwe chafu yaweza kuviingiza ndani ya jeraha. Ndiyo maana jeraha lenye kina huhitaji kusafishwa, na majeruhi kupewa kinga ya pepopunda hospitalini.

Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Mkemia anayeuchunguza mmea huanzia kwenye maelezo ya mganga, na maelezo hayo humfikia kwa maneno. Mwanaleksikografia anayeandika *kutibu* pale mganga aliposema *kukanda* huwa amekwisha kuipoteza nusu ya dawa.