Doa la Wayo Lisilopona: Jinsi Picha za Hospitali Zinavyofuatilia Saratani ya Ngozi

Mkulima akiona doa jeusi kwenye wayo, hudhani ni jeraha la jembe au gambuti zimembana. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini doa likizidi kukua, likibadilika rangi, likitoa damu au likikaa wiki kadhaa bila kupona, huenda ni melanoma, saratani ya ngozi isiyo ya kawaida. Kwetu Waafrika hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ndiyo iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981, baada ya kuanzia kwenye kidole cha mguu na kusambaa hadi kwenye ubongo.

Kipimo cha kwanza si picha

Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara. Saratani ikiwa bado nyembamba sana, kuiondoa kwa upasuaji huweza kutosha bila skani. Ikiwa imezama, lazima ijulikane imefika wapi.

Kila picha na kazi yake

- Ultrasaundi huchunguza tezi. Saratani ya mguu mara nyingi hukimbilia kwanza tezi za kinena; ya mkono, tezi za kwapa.
- Skani ya CT huonyesha mapafu na ini.
- MRI huonyesha ubongo vizuri zaidi.
- PET-CT hukagua mwili mzima. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mnururisho kidogo. Seli za saratani huila kwa wingi, nazo huonekana ziking'aa. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa huduma hii.

Tezi iliyovimba inaweza pia kuwa na kifua kikuu au maambukizi mengine. Hivyo daktari huweza kuitoa sampuli kwa sindano kabla ya kuamua matibabu.

Ufanye nini?

1. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya Meru, au ya Embu ikiwa ndiyo iliyo karibu nawe.
2. Jisajili na SHA kupitia *147#, na uulize gharama zinazolipiwa kabla ya kusafiri.
3. Beba majibu ya maabara na picha za awali, usije ukalipia kipimo kilekile mara mbili.
4. Mweleze mhudumu ikiwa una mimba au kisukari.

Unapoosha miguu jioni, tazama nyayo na kucha. Doa lililogunduliwa mapema hutibika kwa urahisi kuliko lililokwisha kusafiri mwilini.