Dirisha Bovu Lisipigiwe Misumari

Ndugu msomaji, simama kidogo nje ya nyumba unayoishi, uyatazame madirisha yake kwa jicho la mgeni. Huenda ukaona moja ambalo kioo chake kilivunjika mwaka juzi, na mahali pake pamewekwa kipande cha boksi. Jingine limepigiwa misumari kwa sababu bawaba zake zimelegea na ubawa unagoma kufunga. La tatu wavu wake umechanika pembeni, nawe umeuzoea mpasuko huo hata huuoni tena.

Wengi hufanya hivyo si kwa uvivu. Mshahara una mambo mengi yanayoungojea, na dirisha halilalamiki kama tumbo. Mpangaji humsubiri mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye humsubiri mpangaji ahame. Wakati wao wakisubiriana, mvua na mbu hawamsubiri mtu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro nyingi za dirisha zaweza kutengenezwa na mtu wa kawaida, kwa zana chache, katika asubuhi moja ya mapumziko. Na kwamba kulifunga dirisha kwa misumari ni dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

KAZI TATU ZA DIRISHA

Dirisha zima hufanya kazi tatu. Huingiza hewa na mwanga, huzuia mbu, na siku ya ajali ya moto huwa njia ya kujiokoa. Dirisha lililozibwa limeacha kazi ya kwanza na ya tatu. Lililochanika wavu limeacha ya pili.

Fikiri juu ya hewa. Watu watano wakilala katika chumba kimoja kisichopitisha hewa, huvuta pumzi za wenzao usiku kucha. Ikiwa mmoja wao ana kifua kikuu, hatari ya kuwaambukiza wengine huzidi. Kadhalika jiko la mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Mkaa haufai kuwashwa katika chumba cha kulala kwa hali yoyote ile, lakini katika chumba ambacho dirisha lake limezibwa, kosa hilo ni mauti.

Ama kuhusu mbu, historia inatufundisha vizuri. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu. Wengi bado walikuwa na shaka. Basi mwaka 1900 Patrick Manson wa London alifanya mpango ili madaktari wawili, Louis Sambon na George Low, wakaishi katika kibanda karibu na Ostia, jirani na Roma, mahali palipokuwa na malaria kali siku zile. Kibanda kilitiwa wavu wa waya madirishani na milangoni. Mchana wakazi wake walitembea popote walipopenda. Jua lilipokaribia kutua waliingia ndani, wakatoka baada ya kuchomoza. Hawakunywa kwinini. Msimu wote wa homa ulipita na hapana aliyeugua kati yao, hali wenyeji wa pande zile walikuwa wakianguka kwa homa.

Hata katika miaka ya karibuni somo hilo limethibitishwa. Utafiti uliofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa, katika nyumba zilizotiwa nyavu madirishani na milangoni na kuzibwa uwazi kati ya ukuta na paa, mbu wa malaria walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zisizotengenezwa. Wavu wa dirisha hauchukui nafasi ya chandarua. Lakini chandarua humlinda aliyelala tu, na wavu wa dirisha humlinda pia mtoto anayedurusu saa mbili usiku. Tena mbu wa homa ya dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019, huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

WAVU ULIOCHANIKA

Kwa hiyo tuanze na wavu, kwa kuwa ndio ukarabati rahisi kuliko wote. Tundu dogo la wavu wa waya lizibwe kwa kiraka cha wavu wa namna ile ile, kikubwa kuliko tundu kwa sentimita mbili kila upande. Chomoa nyuzi mbili tatu za waya katika kingo za kiraka, upenyeze ncha zilizobaki katika wavu, kisha uzikunje upande wa pili. Wavu wa plastiki hushonwa kwa sindano na uzi wa nailoni, kama mtu anayetia kiraka shati.

Ikiwa wavu umeoza, ondoa wote. Nunua wenye matundu yasiyozidi milimita moja na nusu, ukate kipande kinachozidi kipimo cha dirisha kwa sentimita tano kila upande. Anza kuugonga katikati ya upande wa juu, kisha katikati ya upande wa chini ukiuvuta, halafu kushoto na kulia. Pembe ziwe za mwisho. Anayeanzia pembeni huishia na wavu uliokunjamana. Gongea juu yake vipande vyembamba vya mbao ili kingo zisiachie, na kila mwezi usugue vumbi kwa brashi laini na maji ya sabuni. Wavu ulioziba kwa vumbi hunyima hewa kama ubao.

UBAWA UNAOGOMA

Dirisha la mbao linapogoma kufunga wakati wa masika, watu wengi hukimbilia randa. Ngoja kwanza. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba, nayo hunywea tena kiangazi kinapofika. Ukiranda mwezi Aprili, mwezi Agosti utaona mwanya unaopitisha mbu.

Tazama bawaba kwanza. Mara nyingi ubawa umeinama kwa sababu skurubu zimelegea. Kama skurubu inazunguka bila kushika, itoe, ujaze tundu kwa vijiti vya kiberiti visivyo na baruti, vilivyopakwa gundi ya mbao. Iache gundi ikauke, ukate vijiti vilingane na ubao, kisha uirudishe skurubu. Bawaba yenye kutu ipate matone machache ya mafuta ya cherehani. Pengine kosa ni rangi, maana tabaka likipakwa juu ya tabaka miaka kumi, ubawa huwa mnene kuliko nafasi yake. Hapo paruza rangi, usugue kwa msasa, kisha upitishe kipande cha mshumaa ukingoni.

Lakini tahadhari: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Loanisha mahali unaposugua, watoto wakae mbali, na takataka zote zikusanywe kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio.

Ikiwa baada ya hayo yote ubawa bado unagoma hata wakati wa kiangazi, ndipo urande, tena kidogo kidogo. Upake rangi mara moja mahali palipochubuliwa, kwa kuwa mbao iliyo wazi ndiyo inayokunywa mvua ijayo.

KIOO KILICHOVUNJIKA

Kioo kina adabu yake. Vaa viatu vilivyofunika mguu, glavu nene na miwani, uwaondoe watoto. Tandika magazeti yaliyokwisha kusomwa chini ya dirisha. Toa vipande kwa kuanzia juu kushuka chini, ili kipande cha juu kisikuangukie mkononi. Vifungwe katika magazeti hayo hayo kabla ya kutupwa, kwa usalama wa mzoa taka.

Bandua puti ya zamani kwa patasi mpaka mbao ionekane, na uvute vijisumari vilivyokuwa vimeshika kioo. Pima upana na urefu wa nafasi katika sehemu mbili au tatu, maana fremu nyingi hazina pembe mraba. Chukua kipimo kilicho kidogo zaidi, upunguze milimita tatu kwa upana na tatu kwa urefu. Kioo kisichopewa nafasi hupasuka fremu inapovimba. Kukata mwachie mwenye duka la vioo, kwani anacho kifaa na mkono uliozoea.

Paka ndani ya fremu rangi ya kwanza, ikauke. Kisha tandaza puti nyembamba pande zote, ukandamize kioo kwa kushika kingo, wala si katikati. Gonga vijisumari vidogo kila baada ya sentimita ishirini hivi, halafu ujaze puti kwa nje na kuilaza kwa kisu, iwe na mteremko wa kumwaga maji. Puti ya mafuta ya kitani isipakwe rangi siku ile ile. Ipe wiki moja au mbili ifanye ngozi.

Vioo vya luva ni rahisi zaidi. Pima urefu, upana na unene wa kipande kilichovunjika au cha jirani yake, ununue kinacholingana nacho, kilichosuguliwa kingo. Fungua vishikio vya alumini polepole kwa koleo, utelezeshe kioo, kisha uvirudishe. Usivikunje mara kwa mara, maana vitakatika. Kumbuka pia kwamba vioo hivyo huchomolewa kwa urahisi hata kutoka nje, na ndiyo sababu luva huhitaji nondo nyuma yake.

MVUA INAPOINGIA

Ukiona ukuta chini ya dirisha umelowa, usilaumu kioo upesi. Chunguza ufa kati ya fremu na plasta. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakusema kwa mafumbo tu: maji yapitayo hapo huozesha fremu, hukaribisha mchwa na kubandua plasta. Kwangua ufa mpaka upate sehemu ngumu, ulowanishe kwa maji, ujaze mchanganyiko wa saruji na mchanga laini. Ufa mwembamba kama uzi wafaa silikoni. Kadhalika kizingiti cha chini kiteremkie nje. Kikiteremkia ndani, mvua yote ni yako.

Madirisha ya alumini yanayotelezeshwa, ambayo yameenea sana mijini, yana vitundu vidogo katika reli ya chini. Kazi yake ni kutoa maji. Vikizibwa na mchanga, reli hujaa na maji humwagika ndani. Vizibue kwa waya mwembamba, na reli uisugue kwa mswaki wa zamani. Usitie grisi, maana hunasa mchanga na kulifanya dirisha lizidi kugoma. Kipande cha mshumaa mkavu kinatosha.

NONDO NA UHAI

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Nondo humzuia mwizi kuingia, lakini humzuia pia mtoto kutoka nyumba inapoungua. Katika kila nyumba, na ikiwezekana katika kila chumba cha kulala, yafaa dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa bawaba na kufuli la ndani. Ufunguo uwekwe mahali pamoja pasipobadilika, mbali na mkono wa mtu aliye nje, na kila mkazi, mkubwa kwa mdogo, aweze kuufikia gizani. Jaribuni mara mbili kwa mwaka. Kufuli lililoshikwa na kutu ni sawa na nondo zilizochomelewa. Fundi wa kuchomelea vyuma aweza kugeuza nondo za zamani kuwa za kufunguka bila kuzitupa.

NANI ALIPE?

Kwa wanaopanga, mapatano yafanywe kabla ya kazi. Mwonyeshe mwenye nyumba kasoro, mpatane gharama kwa maandishi, utunze risiti, na fedha hizo zipunguzwe katika kodi ya mwezi unaofuata. Wenye nyumba wengi hukubali, kwa kuwa fremu iliyooza itawagharimu zaidi wao wenyewe. Lakini kama ni kiraka cha wavu tu, usingoje mapatano: anayeumwa na mbu usiku ni mwanao, si mtoto wa mwenye nyumba.

Jiwekee basi kawaida ya kuyakagua madirisha mara mbili kila mwaka, mwezi Februari kabla ya masika na mwezi Septemba kabla ya vuli. Na mwaka huu usiyangojee majira hayo. Chukua koleo leo, uanze na lile lililopigiwa misumari.