Rangi Inayong'aa Humsaidia Mpasuaji wa Ubongo



Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati moja pembezoni mwa Temeke. Siku moja alikuja mama mmoja mkulima. Nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kichwa kinaniuma. Huzidi alfajiri ninapoamka."

Nilimpima malaria. Hakuwa nayo. Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda. Baada ya wiki mbili alirudi. Nikampa vidonge vilevile.

Mara ya tatu aliletwa na mwanawe. Alikuwa akitapika asubuhi kabla ya kula. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekosa nguvu, hata hakuweza kushika jembe. Majirani walisema ametupiwa jini, apelekwe akapungwe. Mimi niliona aibu, maana dalili zile nilifundishwa chuoni. Siku hiyohiyo nilimwandikia barua ya rufaa. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe.

Watu wengi huogopa wakisikia ubongo utapasuliwa. Leo tuone jinsi wataalamu wanavyofanya kazi hiyo, na jinsi rangi inavyoweza kuwasaidia.

Kwa nini upasuaji huu ni mgumu?

Uvimbe wa ubongo ni nyama iliyoota kichwani pasipotakiwa. Si kila uvimbe ni saratani. Kuna uvimbe wenye mpaka unaoonekana wazi. Huo daktari huweza kuutenga na ubongo.

Lakini kuna uvimbe mkali unaojipenyeza ndani ya ubongo wenyewe. Huo ni kama magugu yanayofanana na mpunga. Mkulima anayepalilia bondeni anajua taabu yake. Ukiacha magugu, yataota tena. Ukichimba ovyo, utang'oa na mpunga.

Katika ubongo, "mpunga" huo ndio unaotuwezesha kusema, kuona na kutembea. Daktari akikata kidogo mno, uvimbe hubaki. Akikata kupita kiasi, mgonjwa anaweza kupooza au kupoteza usemi.

Rangi hufanyaje kazi?

Rangi ya kwanza huitwa fluoresini. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1871 na mtaalamu wa kemia, Adolf von Baeyer. Hata kliniki za macho huitumia. Mgonjwa hutiwa rangi hiyo jichoni, kisha humulikwa kwa taa ya buluu. Penye mchubuko hung'aa rangi ya kijani.

Mwaka 1948 daktari George Moore na wenzake wa Minnesota, Marekani, walieleza jinsi walivyoitumia kutafuta uvimbe wa ubongo. Mgonjwa hudungwa rangi hiyo kwenye mshipa. Mishipa ya damu ya ubongo mzima ni kama mkeka uliosukwa vizuri. Haipitishi vitu ovyo. Mishipa ya uvimbe mkali ni kama mkeka uliochakaa. Rangi huvuja hapo. Daktari akitazama kwa darubini yenye kioo maalumu, huona uvimbe unang'aa rangi ya manjano. Baadaye mkojo wa mgonjwa huwa wa manjano kwa muda, na ngozi pia huweza kubadilika. Jambo hilo lisimtishe.

Dawa ya pili huitwa 5-ALA. Hii hunywewa saa chache kabla ya upasuaji. Chembe za uvimbe mkali huigeuza kuwa kitu kinachong'aa rangi nyekundu zinapomulikwa kwa taa ya buluu. Ubongo mzima hubaki wa buluu. Baada ya hapo mgonjwa hukaa mbali na jua na taa kali kwa siku moja au mbili, maana ngozi yake huungua upesi.

Mwaka 2006 daktari Walter Stummer na wenzake wa Ujerumani walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Kwa kutumia 5-ALA, wagonjwa 65 katika kila 100 waliondolewa uvimbe wote ulioonekana kwenye picha. Bila dawa hiyo walikuwa 36 tu katika kila 100.

Tusidanganyane

Rangi humwonyesha daktari njia, lakini haiponyeshi. Si kila uvimbe hung'aa. Uvimbe mkali sana mara nyingi hurudi, kwa hiyo baada ya upasuaji mgonjwa huhitaji mionzi na dawa. Tena darubini hizo ni ghali, na hospitali nyingi duniani hazina.

Mama yule alipasuliwa bila rangi. Uvimbe wake ulikuwa na mpaka wazi, wala haukuwa saratani. Sasa anashika ufagio, lakini jembe bado. Kilichomwumiza si kukosa rangi. Kilichomwumiza ni zile wiki tulizopoteza, mimi na yeye.

Dalili za kuangalia

Nenda kituo cha tiba upesi ukiona haya:

1. Kichwa kinachouma siku nyingi na kuzidi, hasa alfajiri.
2. Kutapika asubuhi mara kwa mara bila sababu.
3. Kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwa nacho.
4. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea.
5. Macho kufifia, ulimi kuwa mzito, au tabia kubadilika.

Dalili hizi zinaweza kuletwa na maradhi mengine pia. Ndiyo maana vipimo vinatakiwa. Anza kwenye zahanati yako. Ukipewa dawa na hali isibadilike, rudi, useme wazi, "Hali haijabadilika." Uulize kama unahitaji rufaa. Wakazi wa Temeke huelekezwa Hospitali ya Temeke, na wa Kinondoni Hospitali ya Mwananyamala. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Taasisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Nasi waganga wa zahanati tukumbuke: mgonjwa akirudi na maumivu yaleyale, tusimpe vidonge vilevile.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini daktari hawezi kukata uvimbe wa ubongo ovyo?
2. Rangi humsaidiaje daktari?
3. Jirani yako ameanza kuanguka kifafa ukubwani. Utamshauri nini?